Mahakama za Nairobi zifanye kazi wikendi?

Hoja yangu ni moja, naileta ipingwe: mahakama za Milimani, Makadara na Kibera ziwe na hakimu wa zamu kila Jumamosi na Jumapili, kazi yake iwe kusikiliza dhamana tu.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Wengi huishia hapo kusoma. Teremka mstari mmoja: saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, au siku isiyo ya mahakama, polisi wana hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Huo ndio mlango wa "kamata kamata" za Ijumaa: ukikamatwa siku hiyo, unalala ndani hadi Jumatatu. Wanasiasa ndio waliofanya msemo huo uvume, lakini wao wana mawakili na kamera za televisheni langoni. Anayeumia ni kijana wa mjengo kutoka Kayole, aliyebebwa na Mariamu, gari la polisi, pale stejini siku ya kulipwa. Hakuna sheria iliyovunjwa. Afisa ametazama kalenda tu.

Kisha seli inageuka soko. Bango ukutani linasema dhamana ya polisi ni bure, na chini ya bango hilohilo watu wanapatana bei. Mwenye pesa anatoka Jumamosi, pengine hata jina lake halimo kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo. Asiye nazo anangoja Jumatatu, anasomewa shtaka la kulewa na kufanya fujo, analipa faini, anarudi mjengoni na kukuta kibarua kimeota nyasi.

Najua jibu la kwanza: pesa hakuna. Lakini tangu korona ya 2020 mahakama zetu husikiliza kesi kwa video. Hakimu, karani na skrini kituoni, basi.

*Mkazi wa Mathare:*
Ndugu, unahangaika na saa. Albert Ojwang, yule mwalimu na bloga, alikamatwa Homa Bay Jumamosi, Juni 7, 2025, akaletwa hadi kituo cha polisi cha Central hapa mjini, na Jumapili tukaambiwa amekufa. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha mengine. Saa 24 hazikuwa zimetimia! Hakimu wako angemkuta wapi? Mimi nataka anayeshika funguo za seli asiwe chini ya wale wanaokamata.

*Polisi mstaafu, Donholm:*
Mnaongea kana kwamba OCS, mkuu wa kituo, hufurahia seli iliyofurika. Mwachilie mshukiwa wa wizi wa mabavu Jumamosi, Jumapili wananchi wamtie tairi, Jumatatu mniulize polisi walikuwa wapi. Hakimu wa zamu sina ugomvi naye, ila mleteni na mwendesha mashtaka. Bila yeye faili haisongi, na lawama inaturudia sisi.

*Mwenye hoja:*
Mzee, kwa mwendesha mashtaka umenishinda. Ofisi ya DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma, nayo iwe na zamu. Lakini huyo wa wizi wa mabavu mpeleke mbele ya hakimu ueleze kwa nini asitoke. Katiba inaruhusu kumnyima mtu dhamana kukiwa na sababu nzito. Ninachokataa ni wikendi kutoa uamuzi huo badala ya hakimu, tena kwa makosa ya faini ndogo.

Na wewe wa Mathare, la funguo nakuunga mkono, na ni kweli hakimu wa zamu hangemwokoa Ojwang. Lakini fikiria aliyepigwa Ijumaa usiku akasalia hai. Akisimama mbele ya hakimu Jumamosi, jicho limevimba na hakimu analiona, anaandika, anaamuru apelekwe kwa daktari. Akifika Jumatatu jioni uvimbe umeshuka, na IPOA, mamlaka huru inayochunguza polisi, inabaki na neno la mahabusu dhidi ya neno la afande.