Laini ya serial haipandi, mnabadilisha kebo za nini? Angalieni HDLC!

Wakuu, hili limezidi. Ruta ya Cisco upande huu, ya kampuni nyingine upande ule, laini haipandi, na fundi anahangaika na kebo, anabadili modemu, anamlaumu mtoa huduma. Kebo ni nzima! Tatizo liko kwenye fremu, yaani jinsi kila ruta inavyofunga data kabla ya kuituma.

HDLC, kanuni ya kufunga data kwenye laini ya serial, ile ya shirika la viwango ISO, haina sehemu ya kutaja itifaki iliyobebwa ndani. Cisco wakaongeza baiti 2 za kwao, halafu wakaifanya hiyo ndiyo chaguo-msingi ya serial. Fremu yao ikibeba IP inaanza na 0F 00, kisha 0800. Ya PPP, kanuni nyingine ambayo ruta ya upande ule inatumia, inaanza na FF 03, kisha 0021. Ruta ya PPP ikipokea 0F 00 inaitupa, imeisha hiyo.

Kinachokera zaidi ni mtu kukagua mipangilio kwa show running-config, haoni neno encapsulation (aina ya ufungaji huo), anatangaza hakuna shida. Haliwezi kuonekana, ni chaguo-msingi! Piga show interfaces serial 0/0/0, usome mstari wa Encapsulation. Ukikuta "Serial0/0/0 is up, line protocol is down", nenda upande wa PPP: utakuta LCP REQsent, yaani LCP, sehemu ya PPP inayofungua mazungumzo, inaomba na haijibiwi.

Na jamani, acheni kuweka no keepalive ili mpate up/up ya kupigia picha. Keepalive, jumbe fupi za kuonyesha kwamba upande huo uko hai, hutoka kila sekunde 10, na ndizo zinazofichua kwamba pande mbili hazielewani. Ukizizima, laini inaonekana hai na hakuna ping hata moja inayopita. Huo ni mtego unaomtegea fundi atakayekuja baada yako.

Dawa ni encapsulation ppp pande zote mbili. Kiwango chake, RFC 1661, kipo tangu 1994, na ukitumia PPP unaweza kuweka pia CHAP, ukaguzi wa utambulisho wa ruta ya upande wa pili. Kama upande wa Cisco hauruhusiwi kuugusa na ule mwingine ni Juniper, huko weka encapsulation cisco-hdlc.

Unafanya kwa mbali? Kwenye ruta ya mbali piga reload in 10 (itajiwasha upya baada ya dakika 10 na kurudi kwenye mipangilio ya zamani mambo yakiharibika), badilisha hiyo kwanza bila kuhifadhi, ndipo uje kwenye ya kwako. Ukianza na ya kwako umejifungia nje. Ikipanda, reload cancel, kisha hifadhi pande zote.

Na kwenye karatasi ya makabidhiano andikeni encapsulation ya kila upande. "Serial OK" haimsaidii mtu yeyote.