Mtoto ana malaria kali, hospitali dripu inadondoka tone tone, walitubania?

BabaNaima:
Habari za usiku wakuu, naombeni mwongozo maana hapa nyumbani hakukaliki. Binti yangu ana miaka 3, juzi homa ilimpanda mpaka akawa anaweweseka, tukamkimbiza hospitali, wakapima wakasema malaria kali wakamlaza. Sindano wamemchoma, oksijeni wamemwekea, ila maji sasa, kachupa kametundikwa kanadondoka tone... tone... mpaka bibi yake akawa anayahesabu. Kamuuliza nesi mbona hayaendi, nesi kamjibu hayo ndo yanamtosha bibi na hako kagurudumu usikaguse. Basi mama mkwe kanuna mpaka leo, anasema zamani mtoto wa malaria akifika tu anatundikiwa dripu mbili tatu, akimaliza anaamka anaomba chai. Wife naye anasema ni kwa vile tunatumia bima. Nashukuru Mungu mtoto katoka leo asubuhi na anakula, ila nataka kujua tu, tulibaniwa au ndo utaratibu?

Mtoto_wa_Pongwe:
Mlibaniwa hao, bima hizi tunazijua. Mie hapo ningewasha moto.

TabibuMzee:
Mkuu hapo juu punguza jazba. BabaNaima hamkubaniwa. Mimi ni tabibu, wodi ya watoto nimeikalia tangu enzi hizohizo za bibi. Ilikuwa hivi, kaja mtoto wa homa, mikono ya baridi, mapigo yanakimbia, unambonyeza kucha inakuwa nyeupe halafu unahesabu moja, mbili, tatu, damu hairudi, tulifundishwa hapo mimina maji haraka. Na si sisi tu, karibu dunia nzima ndo walikuwa wanafundisha hivyo, na kwa akili ya kawaida inaingia. Shida ni kwamba hakuna aliyekuwa amepima kwa watoto wa huku kama anayemiminiwa kweli anapona kuliko asiyemiminiwa.

Wakaja kupima kuanzia 2009, utafiti unaitwa FEAST. Hospitali sita, Kilifi kule Kenya, Teule pale Muheza, na nne za Uganda yaani Mulago, Soroti, Mbale na Lacor. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili hizo nilizosema, zaidi ya nusu walikuwa na malaria. Wakagawanywa kwa kura makundi matatu, wa kwanza wanamiminiwa maji ya chumvi, wa pili wanamiminiwa albumini, yaani maji yenye protini ya damu, wa tatu hawamiminiwi kitu, wanapewa maji ya polepole tu kama ya binti yako. Dawa, oksijeni, damu wote sawa. Watu wakakaa kusubiri waliomiminiwa wapone zaidi, ikaja kinyume kabisa, ndani ya saa 48 kwa waliomiminiwa walikufa kama 10.5 kwa kila mia, na wasiomiminiwa 7.3. Yaani katika kila watoto mia, watatu zaidi wanaondoka kwa sababu ya kitu tulichokuwa tunakiona ndo huduma. Walilenga kufikisha watoto 3,600 lakini Januari 2011 kamati huru inayoangalia hesabu ikasema acheni hapohapo. Mimi niliposoma yale majibu nilikaa kimya, chakula cha mchana kilinishinda, maana unaanza kukumbuka vitanda.

Kwa hiyo huyo nesi aliyekataza kagurudumu mnunulie soda.

Swahiba_Kiembe:
Sawa dokta lakini mie hapo naona watoto wetu wamefanywa panya wa maabara. Kwao wangethubutu?

TabibuMzee:
Swali la haki hilo. Wazazi waliombwa ridhaa, na kwa mtoto aliyezidiwa mzazi aliulizwa kwanza kwa mdomo, karatasi ikaja baadaye hali ikitulia. Ila angalia kitu kimoja, laiti ungepita wodini siku ile ungesema anayeonewa ni yule asiyemiminiwa. Na huyo ndo alikuwa kwenye kundi lililopona zaidi.

MamaMapacha:
Mmenitisha jamani, wangu mmoja aliharisha siku mbili mpaka macho yakazama ndani, walimtundikia maji yakaenda kasi kweli. Kumbe walikuwa wananiulia mtoto?

TabibuMzee:
Hapana mama, tulia. Wa kuharisha hawakuingizwa kabisa kwenye ule utafiti, wala walioungua moto, wala wa majeraha. Macho yakizama, mtoto analegea, hawezi kunywa, huyo maji yameisha kweli na lazima yarudishwe haraka. Akiwa anaweza kunywa basi ni ORS kidogokidogo kwa kijiko na vidonge vya zinki siku 10 hadi 14, na zinki usiache eti kwa vile kaacha kuharisha siku ya tatu.

Halafu nimrudie bibi, maana hajadanganya. Zile dripu alizoziona yeye zilikuwa na kwinini ndani! Kwinini ilikuwa inachanganywa na maji ya sukari inapita kwa muda wa saa nne, kila baada ya saa nane unarudia, ndo maana chupa zilikuwa haziishi. Na malaria inashusha sukari ya mtoto, kwinini nayo inaishusha, kwa hiyo mtoto kuamka akaomba chai ilikuwa kazi ya dawa na sukari, si wingi wa maji. Siku hizi ni sindano ya artesunate, unachoma anapolazwa, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku. Hiyo nayo ililinganishwa na kwinini, majibu yalitoka 2010, watoto 5,425 nchi tisa za Afrika, waliopewa kwinini walikufa 10.9 kwa mia, wa artesunate 8.5. BabaNaima, mmepewa dawa ya mseto ya kumalizia nyumbani? Siku tatu, asiruke dozi.

BabaNaima:
Tumepewa dokta, leo usiku anameza ya pili. Nimemsomea bibi yote, kacheka, anasema kweli bwana, mwenyewe aliwahi kuwekewa hiyo kwinini masikio yakavuma wiki nzima. Ila sasa kaanza lingine, kamnyang'anya Naima kikombe eti dokta kasema maji yanaua.

TabibuMzee:
Hahaha mrudishieni kikombe chake. Ya mdomoni anywe mpaka achoke mwenyewe.