Majirani Kapsoya: barua ya Faith kutoka El Paso

Jumamosi

Mama Faith (19:04): Majirani hamjambo. Barua ya Faith imefika. UTEP, Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso, uuguzi pamoja na mbio. Asanteni kwa maombi 🙏

Baba Brian (19:05): Hongera sana Mama Faith! 🎉 Hiyo si ndiyo ya Sally Kipyego?

Njeri wa M-Pesa (19:06): Hongera mama. Pilau ni lini, tujipange

Kocha (19:09): Hongera kwenu nyote. Baba Brian, Sally alikuwa Texas Tech, iko Lubbock. UTEP iko El Paso, mpakani kabisa na Mexico, ukivuka daraja uko Juárez. Ila Sally ni mfano mzuri kwa huyu binti. Alitwaa taji la mbio za nyika la vyuo vya Marekani miaka mitatu mfululizo, 2006 hadi 2008, na uuguzi akausoma hukohuko Texas Tech. Medali yake ya fedha ya mita 10,000 Olimpiki London 2012 ilikuja baadaye.

Omondi Fundi (19:11): Mimi UTEP naijua kwa basketboli. 1966.

Mwalimu (19:15): Omondi umewapata. Wakati huo kiliitwa Texas Western. Tarehe 19 Machi 1966 kocha Don Haskins alianza fainali ya taifa na wachezaji watano weusi, jambo ambalo hakuna timu iliyokuwa imelifanya kwenye fainali. Kentucky waliokuwa upande wa pili walikuwa wazungu watupu. Ikaisha 72–65. Huko Kusini mwa Marekani bado kulikuwa na vyuo ambavyo havikuwa na mchezaji hata mmoja mweusi.

Omondi Fundi (19:16): 💪🏿💪🏿

Mwalimu (19:19): Na Faith asishtuke akiona majengo. Kuta zimeinama kwa ndani na mapaa yametokeza nje kama mahekalu ya Bhutan. Chuo kilianza 1914 kama shule ya madini (ndiyo maana timu zao huitwa Miners, wachimba madini), kikaungua 1916, na mke wa mkuu wa chuo alikuwa ameona picha za Bhutan kwenye jarida. Wakajenga hivyo, na majengo mapya yanafuata mtindo uleule mpaka leo.

Njeri wa M-Pesa (19:20): Bhutan ndani ya Texas. Haya.

Kocha (19:27): Basketboli ni sawa, lakini fahari ya UTEP kwetu sisi ni mbio. Nyika mataji saba ya taifa: 1969, 1975, 1976, halafu manne mfululizo 1978 hadi 1981. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikimbilia pale. Alishinda mita 10,000 za vyuo miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982, na katikati ya hayo akaenda Olimpiki Moscow 1980 akarudi na medali ya fedha ya mita 5000. Wa karibuni ni Emmanuel Korir. 2017 alishinda mita 800 za vyuo, za ukumbini na za uwanja wa nje, akiwa mwanafunzi wa UTEP, akaingia mbio za kulipwa, akachukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo na ya dunia 2022. Kocha wake pale chuoni alikuwa Paul Ereng, yule wa dhahabu ya 800 Seoul 1988, ambaye naye alishinda Seoul akiwa mwanafunzi wa University of Virginia. Mkenya anamnoa Mkenya, jangwani Texas.

Kocha (19:29): Lakini namba ninayoipenda kuliko zote ni 17.

Mama Faith (19:30): 17 ya nini Kocha?

Kocha (19:36): Nyika, kila timu inaingiza watu saba na wanaohesabiwa ni watano wao wa kwanza. Nafasi zao zinajumlishwa, mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Ukichukua ya kwanza hadi ya tano zote unapata 15, chini ya hapo hakuna. 1981, kwenye fainali ya taifa, UTEP walipata 17. Haijawahi kushushwa. Mshindi wa siku hiyo, Mathews Motshwarateu wa Afrika Kusini, naye alikuwa wao.

Njeri wa M-Pesa (19:37): Kwa hivyo mtu anaweza kushinda na timu yake ishindwe?

Kocha (19:44): Mara nyingi tu. Piga hesabu: timu A ina 1, 2, 3, 30 na 80. Jumla 116. Timu B haina mtu kwenye kumi bora: 12, 15, 18, 20, 25. Jumla 90, na kombe ni lao. Ndiyo maana kocha wa chuo anamwangalia wa nne na wa tano kuliko nyota. Wa tano akiugua tumbo wiki ya fainali, msimu umeisha. Wa sita na wa saba nao wana kazi: hawahesabiwi upande wao, lakini wakimtangulia wa tano wa wapinzani wanamsukuma nafasi mbili nyuma. Faith asije akajiona hana maana kwa kuwa ni wa sita.

Jambo lingine, waliofuzu fainali peke yao bila timu huondolewa kwenye hesabu ya timu. Ukiona mtu amemaliza wa 14 na timu yake imepewa 9, hakuna wizi hapo.

Baba Brian (19:46): Sasa huyu akikimbia vizuri, si darasani watampitisha tu? Marekani wanapenda medali.

Mwalimu (19:47): Hapana Baba Brian. Ngoja.

Mwalimu (19:58): Masomo yanahesabiwa kwa krediti, somo moja la kawaida ni 3. Ili aruhusiwe kushindana lazima awe amejiandikisha krediti 12 semista hiyo. Akiacha somo moja katikati na kubaki na 9, siku hiyohiyo hakimbii. Viza yake ya mwanafunzi, F-1, nayo inadai 12, kwa hivyo anagombana na chuo na uhamiaji kwa wakati mmoja. Na kwenye hizo 12, somo la mtandaoni linalohesabika kwa viza ni moja tu. Asikubali rafiki amwambie "chukua mawili ya mtandaoni, ni rahisi wakati wa mashindano".

Kufaulu sasa. Kila semista angalau krediti 6. Semista mbili za kawaida angalau 18. Kabla ya mwaka wa pili kuanza awe na 24. Kisha kuna ngazi za digrii yenyewe: awe amemaliza asilimia 40 kuingia mwaka wa tatu, 60 kuingia wa nne, 80 kuingia wa tano. Digrii ya krediti 120 hiyo ni 48, 72 na 96. Wastani wa alama (kipimo chao mwisho ni 4) nao unapanda, 1.8, 1.9 halafu 2.0 pale ambapo chuo kinadai 2.0 ili uhitimu.

Baba Brian (19:59): Eish

Mwalimu (20:05): Na kuna alama ya timu nzima. Kila mwenye ufadhili anaweza kuiletea timu pointi mbili kila semista: moja kwa kubaki chuoni, moja kwa kuwa na matokeo yanayomruhusu kushindana. Watu kumi kwa mwaka ni pointi 40. Watatu wakiangusha moja moja, ni 37 kwa 40, yaani 925 kwa 1000. Kikomo ni 930. Wanachukua wastani wa miaka minne, na timu ikibaki chini inafungiwa fainali za taifa hata kama ina wakimbiaji wa dhahabu.

Baba Brian (20:06): Kumbe ni KCSE ya timu nzima 😅

Omondi Fundi (20:08): Mwalimu, na hicho chuo kwa masomo kiko wapi? Ama ni mbio tu?

Mwalimu (20:12): Kiko vizuri. Tangu 2019 kiko daraja la R1, lile la juu kwa utafiti Marekani, na wanafunzi wake wengi ni watoto wa familia za Kimeksiko za palepale mpakani. Hilo ndilo la kujivunia, maana hakichagui matajiri. Danny Olivas, mwanaanga aliyeruka na chombo cha angani 2007 na 2009, digrii yake ya kwanza ya uhandisi aliipata UTEP.

Mama Faith (20:14): Mwalimu, uuguzi na mazoezi vitaenda pamoja kweli?

Mwalimu (20:23): Vinaenda, ila uuguzi ndio unaobana kuliko kozi nyingi. Vyuo vingi vya Marekani havimwingizi mtu moja kwa moja. Anaanza na masomo ya msingi (kemia, anatomia, fiziolojia, takwimu) kisha anaomba tena kuingia uuguzi wenyewe, na nafasi ni chache. Shida huanzia hapo. Akikosa nafasi na kubadilisha kozi mwaka wa pili, krediti zisizoingia kwenye kozi mpya hazihesabiki kwenye ile asilimia 40. Mtu ana krediti 60 mkononi lakini zinazomfaa ni 41, na hashindani. Aulize mapema: nikikosa uuguzi, ni digrii gani itakayobeba masomo haya mengi zaidi? Mara nyingi ni ya afya ya jamii au ya mazoezi ya mwili.

La pili ni wodi. Mafunzo ya hospitali huanza alfajiri, na timu nayo hukimbia alfajiri kwa sababu ya joto. Ratiba ya wodi haibembelezwi.

Kocha (20:27): Hapo naongeza. Mazoezi ya lazima yana kikomo: saa 20 kwa wiki msimu ukiwa umeanza, 4 kwa siku, na siku moja ya mapumziko. Siku ya shindano huandikwa saa 3 hata kama mmeshinda uwanjani tangu asubuhi. Kwa hivyo kocha mwenye akili anamruhusu mtu wa uuguzi akimbie peke yake jioni siku za wodi. Faith aliseme hilo sasa, asingoje Oktoba.

Na El Paso iko mita 1,140 hivi, sisi hapa Eldoret tuko kama 2,100. Atajisikia mwepesi wiki za kwanza. Asidanganyike akaongeza kasi, Agosti kule ni joto kavu linaloweza kupita nyuzi 35 na jasho linakauka kabla hujaliona. Maji na chumvi. Fainali ya nyika kwa wasichana ni kilomita 6.

Njeri wa M-Pesa (20:29): Mama Faith na pesa je? Ni ufadhili kamili?

Mama Faith (20:30): Wameandika "ufadhili wa riadha" na kiasi cha dola.

Mwalimu (20:38): Basi usome mstari kwa mstari. Vitu ni vitano: karo, ada ndogondogo za chuo, malazi, chakula, vitabu. Cha sita kinachosahaulika ni bima ya afya, ambayo mwanafunzi wa kigeni hulazimishwa kuwa nayo. Linganisha na kiasi kilicho kwenye fomu ya I-20, ile chuo kinayotoa ya kuombea viza, pale pameandikwa gharama ya mwaka na nani analipa. Pengo lililobaki ni lenu, na ubalozi utauliza mnalizibaje. Kazi anayoruhusiwa ni ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki basi. Hizi pesa za matangazo wanazopata wanariadha wa Kimarekani, mwenye F-1 asiziguse kabla ya kuongea na mwanasheria wa uhamiaji.

Mwalimu (20:46): Mpangilio wa viza: I-20 kwanza. Kisha ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni) dola 350, chapisha risiti. Kisha fomu ya DS-160 ya maombi ya viza, kisha ada ya viza dola 185, kisha mahojiano ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi. Majina kwenye I-20 yafanane na pasipoti herufi kwa herufi. Vyeti vyetu vina majina matatu, pasipoti inatenga jina la ukoo, na hapo ndipo watu wengi hukwama. Cheti kikileta utata, uthibitisho wa matokeo unaombwa KNEC, baraza la mitihani, kupitia mfumo wao wa mtandaoni wa QMIS, na usingoje wiki ya mwisho. Akaunti zake za mitandao ziwe wazi, siku hizi wanazikagua. Na hawezi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye I-20, kwa hivyo tiketi isikatwe kwa pupa.

Kocha (20:48): Na asisaini karatasi ya meneja yeyote. Hata ile ya "ni ya viatu tu". Zawadi za mbio za barabarani alizopata, aziandike zote kwenye akaunti ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani.

Baba Brian (20:50): Brian yuko Form Three. Nianzie wapi?

Mwalimu (20:54): NCAA wanadai masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa 2.3 kwa kipimo chao. Kiingereza, hesabu na sayansi ndizo nguzo, historia na jiografia zinaingia, somo la ufundi usilitegemee. SAT, mtihani wa Kimarekani wa kuingia chuo, si sharti la NCAA tena tangu 2023, lakini chuo chenyewe kinaweza kuitaka.

Kocha (20:55): Na akimaliza Form Four asikae miaka akifukuza pesa za barabarani. Akizidisha mwaka mmoja huku anashindana, anaanza kupoteza misimu ya kukimbilia chuo.

Msimamizi (20:56): Aliyetuma tangazo la gesi hapa tafadhali alifute.

Mama Faith (21:03): Nimesoma barua tena. Karo, malazi, chakula, vitabu. Bima hakuna, ada ndogondogo hakuna.

Mwalimu (21:06): Usimuulize kocha wao kwa WhatsApp. Faith aandike barua pepe kwa ofisi ya kanuni za riadha ya chuo, wamjibu kwa maandishi, na nakala iende ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Mwalimu (21:08): Na chanjo ya homa ya uti wa mgongo, aina ya ACWY. Sheria ya Texas inamdai kila mwanafunzi mpya aliye chini ya miaka 22, angalau siku 10 kabla ya darasa la kwanza. Bila karatasi hiyo mfumo haumruhusu kujiandikisha masomo, na bila masomo hakuna krediti 12.

Njeri wa M-Pesa (21:09): Chanjo hiyo kliniki nyingi hazina, mama. Piga simu kwanza uulize kama wanayo kabla ya kupanda matatu.

Mama Faith (21:10): Nitapiga Jumatatu asubuhi.