Dodoso limesema binti yangu asisome PCM, naombeni ushauri

Mama Naima: Wakuu, habari za jioni. Binti yangu kamaliza kidato cha nne, Hesabu A, Fizikia B, anataka PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu) kidato cha tano. Sasa baba yake mdogo, ambaye kwa ukoo wetu ndiye msomi, kamjazisha dodoso la mtandaoni la kupima mtu anavyofikiri kimfumo, yaani anavyopenda kuchambua vitu vinavyofanya kazi na kanuni zake. Kapata 19 kati ya 80. Shemeji kasema huyo apelekwe HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), uhandisi haumfai. Tangu Jumapili mtoto hata kula hataki. Nifanyeje?

Mzee wa Takwimu: Pole, Mama Naima. Dodoso hilo nalijua. Lilitungwa na mwanasaikolojia Simon Baron-Cohen na wenzake kule Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, likachapishwa 2003. Maswali 60, ila 20 ni ya kuzugia, hayana alama. Kwenye yale 40, ukikubali sana unapata 2, ukikubali kidogo 1. Mengine yamegeuzwa, alama anazoa anayekataa. Wenyewe walikuwa wanachunguza usonji na tofauti za wanaume na wanawake, si kupangia watoto tahasusi, yaani michepuo kama hiyo PCM na HGL. Na mle hamna hata hesabu moja ya kukokotoa, mtu anajieleza tu.

Hebu yaangalie maswali yenyewe. Ukinunua gari, ungetaka kujua ukubwa wa injini? Nyaya za umeme nyumbani zikisumbua, ungeweza kuzirekebisha mwenyewe? Binti wa miaka 17, nani kamruhusu aguse nyaya? Watunzi wenyewe waliona toleo la kwanza limeegemea mambo ya kiume, ndiyo maana 2006 wakatoa jingine la maswali 75.

Fundi Kipara: Mimi nilipata 58. Hesabu kidato cha nne nilipata F 😂

Dada Mshauri: Msimbeze shemeji wa watu. Kwa wastani, wanafunzi wa fizikia na uhandisi huwazidi wa sanaa kwenye dodoso hilo. Ila huo ni wastani wa kundi. Mama, hebu muulize alikataa maswali gani.

Mama Naima: Nimemuuliza. Lile la kuvutiwa na msimamo wa ligi gazetini kakataa kabisa, mpira hapendi. Lakini daftari la kikoba chetu ni yeye aliyelipanga upya, hisa safu yake, mfuko wa jamii safu yake, marejesho na riba navyo kavitenganisha. Wiki hiyohiyo tukagundua riba ya mtu mmoja ilikuwa inahesabiwa mara mbili.

Mzee wa Takwimu: Basi mama, ingieni Selform, ule mfumo wa mtandaoni wa kuchagua tahasusi, kabla dirisha halijafungwa, chaguo la kwanza PCM. Shemeji mtamwambia baadaye.