Mdogo wangu kaacha dawa, nifanyeje?

Wakuu, dogo ana miaka 21, mwaka jana alianza kusikia sauti, akapewa olanzapini akatulia kabisa, sasa anadai kapona na dawa inamnenepesha. Mama anataka tumwekee kwenye uji kimyakimya. Mnasemaje?

Jibu: Msimfiche bana, akigundua ataamini kweli mnamwekea sumu. Unene unaletwa na hiyo dawa, hajidanganyi, mrudisheni kliniki wambadilishie.

Jibu: Mi haloperidoli, dawa nyingine ya hizo sauti, ilinikaza shingo nikapewa Artane ya kulegeza, saizi badala ya vidonge nachoma sindano ya dawa kila mwezi, zile kelele za "umemeza?" home zimeisha 😂

Jibu: Katulia sababu anameza mkuu. Akiacha ghafla ugonjwa unaweza kurudi, hata baada ya miezi. Na bangi anavuta?