Yule muita hatua wa kontra dansi amenidhalilisha kwenye maiki, SIKUBALI

Wakuu wa Massachusetts na jirani zetu wa New Hampshire, mnamjua, simtaji. Nimeingia ndani sasa hivi hata viatu sijavua.

Kontra mnaijua, mistari miwili mirefu, mnakatwa wanne wanne, fidla inalia, mapigo 64 yakiisha unasogea unakutana na jirani mpya, yaani mtu wa jozi inayofuata mstarini. Utamu wote upo hapo!! Umekuja na mmoja unaondoka umecheza na ukumbi mzima. Sasa huyu bwana usiku kucha anachagua dansi za patna tu, yule uliyeingia naye mstarini, kuzungushana na patna, promenadi na patna, jirani unamgusa sekunde moja kama unapokea chenji kwa konda. Na wageni je? Mgeni wa kontra anafundishwa na mikono ya majirani, leo wageni wawili wamepangwa pamoja wamepotea hadi wametokea jikoni.

Mapumziko nikamfata kwa adabu, kaka naomba hei ya watu wanne moja tu, ile ya kupishana kama mnasuka nywele, au hata tuzungushane na jirani mara moja. Akachukua MAIKI. "Anayetaka kushika mkono wa kila mtu akagombee udiwani." Kwenye maiki!! Mpiga fidla kacheka hadi kaangusha upinde. Udiwani! Mimi! Nimeomba hei naambiwa udiwani, mbele ya bibi wa watu ana miaka 80!

Kobazi: Mheshimiwa kura yangu unayo

Ndizi Mzuzu: Mleta mada sema ukweli, ulitaka kuzungushana na wake za watu

Mama Wawili: Huyo huyo kuna siku alituwekea zile kontra za zamani, wanaruka namba moja tu, yaani jozi ya kwanza ya kila kundi, sisi namba mbili tumesimama mpaka miguu ikafa ganzi. Afadhali nyie mlicheza

Mleta mada: Kwenye MAIKI lakini

Baba Fidla: Kero yangu mimi wanaoingia na viatu vya nje, chumvi ya theluji inakwangua sakafu yote

Kobazi: Chumvi usiniambie, imekula gari langu chini lote. Nani anamjua fundi wa kuchomelea Lowell?

Ndizi Mzuzu: Njoo inbox, ila usiende kwa yule wa karibu na daraja, yule mwizi

Mama Wawili: Yule wa daraja!! Amekaa na gari la mume wangu tangu Krismasi