Mikono ya grisi kabla ya kushona kofia, mnaitakasaje?

Mshona_Viua (Wete)
Assalaam alaykum wenzangu. Mchana natengeneza baskeli za watu, usiku nashona kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, na kazi mbili hizi hazipatani kabisa. Nikishafungua gurudumu la nyuma na kushika mnyororo, weusi unaingia kwenye mistari ya vidole na chini ya kucha, sabuni ya unga haiutoi. Kitambaa cheupe, uzi mweupe, kiua kikiguswa na kidole kichafu kinabaki na ukijivu hata ukifua. Fundi mwenzangu ananawia petroli. Mie inaniwasha, ngozi inapasuka, halafu uzi unanasa kwenye mipasuko. Na udhu nao unanitia wasiwasi. Nifanyeje?

Fundi_wa_Konde
Waalaykum salaam. Petroli iache, yakhe. Inatoa grisi pamoja na mafuta ya ngozi yako mwenyewe, ndiyo sababu unapasuka, na mvuke wake unauvuta. Ukisogea kwenye jiko la mkaa na mikono hiyo, ni balaa.

Tumia mafuta ya nazi, ila ufuate mpango: mikono iwe mikavu, maji yasiguse kwanza. Grisi haikubali maji, inakubali mafuta mwenziwe. Tia kiasi cha kijiko, sugua bila haraka, ingiza kucha za mkono huu kwenye mistari ya mkono ule, mpaka uone mafuta yenyewe yamekuwa meusi. Futa kwa tambara. Hapo tena ndiyo sabuni ya mche na sukari kidogo, usugue, umalizie na maji. Sukari naipenda kuliko mchanga au chumvi: inayeyuka, na haichomi penye mkwaruzo.

Bi_Tumbe
Mwanangu, na maji unanawia yepi? Kama ni ya kisima cha pwani, ya chumvi, sabuni haitoi povu, inaganda na kuacha utando. Kinga maji ya mvua, weka ndoo moja ya mikono tu. Na wakikwambia ndimu, angalia: ukitoka juani nayo mikononi, ngozi inaweza kuungua ikabaki na mabaka.

Kijana_wa_Mkoani
Kabla hujashika spana, kwaruza mche wa sabuni kwa kucha zote kumi mpaka zijae. Grisi itakosa pa kuingia, na ukinawa sabuni inatoka yenyewe.

Fundi_wa_Konde
Hilo zuri sana. Nami niulize: hizo baskeli wenyewe wanazitia oili chafu ya gari? Huku kwetu, kwa kuogopa kutu ya upepo wa bahari, watu wanamwaga tu. Oili iliyokwisha kutumika ina masizi na vumbi la chuma, ndiyo huo weusi usiotoka, na si kitu cha kushinda nacho mikononi kila siku. Tia mafuta ya cherehani, tone moja kila kiungo cha mnyororo, zungusha pedeli, kisha ufute nje yote. Mafuta yanatakiwa ndani ya viungo. Ya nje yanakamata vumbi tu.

Abu_Chake
Kuhusu udhu: tulivyofundishwa chuoni, kinachozuia ni tabaka linalokinga maji yasifike kwenye ngozi. Grisi yenyewe lazima itoke. Ikibaki rangi tu, huna dhambi wala shaka.

Mshona_Viua
Allah awalipe kheri. Oili chafu ndiyo wanayotia wote! Nimejaribu mafuta ya nazi leo, viganja vimetakata, kwenye kucha ndiyo bado kidogo. Sasa kofia ambayo imeshaingia doa, inasalimika?

Bi_Tumbe
Usiiroweke. Tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo juu ya doa likiwa kavu, bonyezabonyeza kwa kidole bila kusugua viua, iache kama robo saa, kisha suuza. Rudia likibaki. Wanga na pasi visiguse kofia hiyo mpaka doa liishe, maana joto la pasi linalikaza.